Pingili

Muwa una pingili, mwanzi una pingili, na shingo ya binadamu ina pingili 7. Neno hili lastahili kusikika zaidi hospitalini, maana “uti wa mgongo” hutajwa kwa mifupa na pia kwa neva zilizomo ndani yake, mgonjwa akabaki hajui ni kipi kinachouma. Kwa mfano, uvimbe ulioota upande wa mbele wa pingili ya shingo, daktari mara nyingi huufuata kwa mbele, akipita kati ya koromeo na mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Ulio ndani, penye neva, kwa kawaida hufuatwa kwa nyuma, baada ya kufungua mfupa wa nyuma wa pingili. Madaktari, mwambieni mgonjwa: pingili ya ngapi, na kisu kitapita wapi.