Waliomo Ndani ya Nyaturu

Makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana kichwa cha treni cha mvuke chenye namba 3020. Ubavuni kina kibao cha jina la kabila: Nyaturu. Mtu wa Ilongero, Mtinko au Puma akikisoma anajua mara moja kwamba hapo ametajwa yeye, bibi yake na ukoo wake wote. Mkoa wa Singida una kumbukumbu ya chuma nchi jirani, na wengi wetu hatuna habari nayo.

Kichwa hicho ni cha daraja la 30, ambalo lilikuwa na vichwa 26. Vilitengenezwa na kampuni ya North British mjini Glasgow, Uingereza, vikaanza kazi mwaka 1955 na 1956. Reli ya Afrika Mashariki wakati ule ilikuwa na utaratibu wake wa kutoa majina. Vichwa vikubwa vya aina ya Garratt vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima, na vya daraja la 60 vikapewa ya magavana. Madaraja ya 29, 30 na 31 yakapewa majina ya makabila. Ndiyo maana hapohapo Nairobi utaikuta 2921, Masai of Kenya, na 3123, Bavuma, jina la watu wa visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Milima ilipata vibao, magavana wakapata, makabila yakapata. Dereva na fayamani, yaani mchochea moto, waliokuwa wakikiamsha kichwa kabla hakujapambazuka na kukilaza usiku wakiwa wamelowa jasho na mafuta, hawakuandikwa popote ubavuni.

Wapo watu wanaojaribu kuwarudisha. Ulaya, Marekani na Afrika Kusini kuna mafundi wa burudani wanaotengeneza treni ndogo za mfano, nyingine za umeme na nyingine za mvuke wa kweli. Treni ikikamilika, humtia ndani dereva na fayamani wa saizi yake. Bila wao, kichwa kinachokimbia juu ya reli kinaonekana kimewatoroka wenyewe. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo fundi akiipunguza mara 22 na nusu anapata njia ya takriban milimita 45, kipimo ambacho kimezoeleka sana kwa treni za bustanini. Katika kipimo hicho dereva wa sentimita 170 anakuwa na urefu wa sentimita saba na nusu hivi. Akipunguzwa mara 87, ambacho ndicho kipimo cha mezani kinachopendwa zaidi, hafiki hata sentimita mbili, na hapo jicho lake huwekwa kwa ncha ya sindano.

Nianze na reli yenyewe, maana visanamu bila reli ni midoli tu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa Wajerumani, na mkandarasi alikuwa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kati ya Dodoma na Tabora ilipita Manyoni na Itigi, ikakata vichaka vile vizito ambavyo hadi leo wataalamu wa mimea huvitaja kwa jina la Itigi. Kichwa cha mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe wa boma zima, na uwanda ule ni mkavu. Mahali penye maji ndipo palipokuwa na stesheni ya maana.

Singida yenyewe ilipata tawi miaka ya 1930, kutoka Manyoni kwenda kaskazini hadi Kinyangiri. Mizigo haikutosha kulilipia, na miaka ya 1940 likang'olewa. Mji wa Singida ukakaa bila treni kwa miongo mingi, hadi lilipojengwa tawi jipya la Manyoni–Singida, kama kilomita 115. Kwa hiyo mwaka 1956 kile kichwa chenye jina Nyaturu kilikuwa kinavuta mabehewa ya Afrika Mashariki huku Unyaturu wenyewe hauna reli. Jambo hilo linaniuma, na sidhani kama aliyechagua jina alilifikiria.

Sasa tuingie kibandani. Visanamu vya dukani huja kwa jozi: dereva mmoja ameshika wenzo, mwenzake ameinama na koleo la makaa. Vimechongwa kwa kumfuata mfanyakazi wa reli ya Uingereza au Ujerumani, na kofia yake na pua yake. Anayetaka kuviweka ndani ya Nyaturu akivipaka rangi ya kahawia tu bado hajafanya kitu. Kosa la kwanza ni koleo. Tanganyika ilichoma kuni kwa miaka mingi, na fayamani wa zama hizo alirusha magogo. Lakini Nyaturu na wenzake walichoma mafuta mazito. Fayamani wake alikaa, mkono kwenye vali ya mafuta, jicho kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi ulimwambia mafuta yamezidi. Bomba likitoka safi kabisa alijua hewa imezidi, na moto unapoa. Mara kwa mara alimwaga mchanga tanurini, ukavutwa kwenye mabomba ya boila na kukwangua masizi yaliyoganda. Kwa hiyo koleo likatwe, mkono ukunjwe upya, na kisanamu kikalishwe. Ukitaka kuonyesha kazi yake kwa ukweli zaidi, mwekee debe la mchanga miguuni.

Kosa la pili ni rangi ya ngozi. Mafundi wengi huchukua kahawia moja kutoka kopo moja na kufunika uso mzima, na dereva anatoka kama aliyechongwa kwa udongo. Ngozi yetu haiko hivyo. Anza na kahawia iliyokolea, iliyotiwa wekundu kidogo na tone la buluu. Ikikauka, chukua rangi nyeusi-nyekundu iliyozimuliwa mpaka iwe kama chai ya rangi, uiachie iteremke yenyewe chini ya kofia, kando ya pua na shingoni. Kisha chovya brashi kavu kwenye kahawia yenye uchungwa ndani yake, uifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, ndipo uipitishe kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na vifundo vya vidole. Usiongeze nyeupe, maana nyeupe huleta ujivujivu wa mtu mgonjwa. Kiganja kiwe na rangi nyepesi zaidi. Uso uliokaa karibu na tanuri siku nzima hung'aa, basi tone la vanishi kwenye paji la uso linatosha. Nguo zisiwe buluu mpya ya dukani. Ovaroli la reli lilipauka magotini na mabegani, likawa jeusi kwa mafuta mapajani, mahali mtu anapofutia mikono.

Kisha swali ambalo brashi haiwezi kulijibu: dereva alikuwa nani? Vichwa hivi vilipoletwa, kazi za reli zilipangwa kwa rangi. Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na mshahara na nyumba vilifuata mpangilio huo. Waafrika waliokuwa kibandani kama mafayamani walijua njia, vilima na tabia ya kila kichwa, lakini kupanda hadi kiti cha dereva wa treni kubwa kulichukua muda mrefu kuliko inavyostahili. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1950 wafanyakazi Waafrika wa reli waliunda chama chao, TRAU, ambacho kiongozi wake aliyevuma ni Kasanga Tumbo. Mwaka 1960 waligoma kwa siku 82 wakidai mishahara na nafasi. Uhuru ulikuwa mlangoni.

Kwa hiyo fundi achague mwaka kwanza, ndipo achague sura. Ukisema treni yako ni ya 1956, usimweke kibandani Mwafrika mwenye cheo ambacho utaratibu wa siku hizo ulimnyima, kisha ukaita historia. Ukisema ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960, dereva Mtanzania ndiye anayestahili kiti, na kumweka mgeni pale ni kumdhulumu. Mimi ningechagua hiyo ya pili bila kusita, na fayamani ningempa uso wa kijana anayejifunza.

Kumfunga mahali pake ni kazi ya dakika chache ila ina mitego. Jaribu kwanza bila gundi, kwa sababu dereva aliyekaa vizuri mezani anaweza kugonga paa kibandani. Punguza makalio kwa tupa badala ya kukata kichwa. Toboa tundu dogo kwa keekee, utie kipande cha waya wa shaba, nacho kiingie kwenye tundu la kiti. Treni ikiwa ya mvuke wa kweli, kisanamu cha plastiki kilichobana kwenye boila kitalainika na kuinama, basi mwache nafasi, au umweke kwa sumaku ili aondoke unapowasha moto. Kiwiko kikitokeza kidogo dirishani, anaonekana anafanya kazi.

Reli ya kisasa imefika Makutupora, na ujenzi umevuka kuelekea Tabora. Treni zake ni za umeme, na wanaoziendesha wamekaa kwenye kiti safi nyuma ya kioo. Wale wa mvuke bado wapo wachache Manyoni, Itigi na Tabora, wazee waliostaafu, na wajukuu wao wana simu zenye kamera na kinasa sauti. Wazee wa reli waulizwe mwaka huu: Ndani ya Nyaturu, dereva alikaa upande gani? Kofia ilikuwa ya namna gani? Chai ilipashwa wapi, na nani alilipia ovaroli likichanika?