Mzee ni nani? Uzi mfupi kabla hatujaambiwa tena "wazee wameamua"

Kila msimu wa siasa ukifika, huku Mjambere tunaletewa sentensi ileile: "Wazee wameshakaa, wameamua." Ukiuliza wazee gani, unaambiwa huna adabu. Haya, tulichambue hili neno.

Shina lake ni -zee, la umri. Lakini mtu akisema "mzee wangu kanituma", anamaanisha babake, hata kama huyo baba ana miaka 38. "Wazee wangu" ni baba na mama. Halafu kuna mzee wa mtaa, na hapo ni cheo. Umri, ubaba, cheo, vyote ndani ya neno moja.

Na si sisi peke yetu. Sheikh kwa Kiarabu ni mtu mwenye umri mkubwa, ndipo likawa neno la mkuu. Seneti ni ya Kilatini, kutoka senex, yaani mzee, na maseneta wa Roma walikuwa wakiitwa patres, mababa. Kwa hivyo yule seneta kijana unayemfuata hapa, kwa asili ya neno, ni mzee!

Kwa Wagiriama mzee ni mutumia. (Kwa Wakikuyu neno hilohilo ni mwanamke aliyeolewa, kwa hivyo angalia uko kwa nani kabla hujamwita mtu.) Mzee wa kaya hakuwa tu mtu mwenye mvi. Kulikuwa na rika, ngazi, ada na karamu za kutoa. Cheo kilipandwa watu wakiona.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya wakuu wa vijiji, ikawa inateua watu wake. Hao ndio waliotumwa kodi na vibarua. 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawakusanya Wagiriama kayani wakala kiapo cha kutotii, na wakuu hao wakiwa moja ya malalamiko makubwa. Mwaka huohuo wakakamatwa. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti.

Yaani swali la "wazee wa nani?" limeshapigiwa vita hapa Pwani.

Leo mzee wa mtaa anafanya kazi na chifu. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka pia baraza la kijiji: wazee watatu hadi watano, waidhinishwe na bunge la kaunti, na jinsia izingatiwe. Shangazi yako anaweza kuwa mzee, kisheria kabisa.

Mwaka jana kwenye mkutano mmoja niliuliza hao walioamua waliidhinishwa lini. Jibu: "Kaa chini. Kwani wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja mzee wangu.