Falsafa ilipelekwa Lubumbashi, msitu ukabaki Masako

Masako iko kilomita zipatazo 14 kutoka Kisangani, Kongo, kwenye barabara ya zamani ya Buta. Wabelgiji waliitenga kuwa hifadhi mwaka 1953, hekta 2,105. Wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Kisangani wametega panya humo, wamepima miti, na wameona mashamba na makala yakiila misitu yake. Lakini mtu anayefyeka ili watoto wale, msitu unamdai nini? Hilo haliwezi kupimwa kwa kamba. Ni swali la maadili, na maadili ni tawi la falsafa.

Kongo haikuwa ngeni kwa maswali hayo. Mwaka 1945 mmisionari Mfransisko Placide Tempels, aliyeishi na Waluba wa Katanga, alichapisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Alianza na ontolojia, yaani elimu ya kuwepo, akidai kwamba kwa Mluba kuwepo ni kuwa na nguvu. Kisha akaeleza namna ya kujua, mtu ni nani, na mwisho wema na ubaya. Ni matawi yale yale yanayofundishwa Ulaya, ila safari hii yamejaa maneno ya wanakijiji.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda alishika njia ninayoipenda zaidi: alianza na lugha. Katika ngeli za Kinyarwanda aliona makundi manne ya vilivyopo: mtu, kitu, mahali na wakati, na namna. Msomaji wa Kiswahili anayatamka hayo kila siku.

Wakosoaji hawakukawia. Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi kati ya 1970 na 1972, alisema Tempels aliwaandikia Wazungu, na kwamba kabila zima haliwezi kuwa na falsafa moja isiyo na mwenyewe. Falsafa ina mwandishi, na mwandishi hubishiwa. Nakubaliana naye.

Katikati ya mjadala huo, mwaka 1971, serikali iliviunganisha vyuo vikuu vyote. Chuo ambacho Waprotestanti walikianzisha Kisangani mwaka 1963 kikabaki na sayansi, tiba, saikolojia na ualimu. Fasihi, historia na falsafa zikapelekwa Lubumbashi, alikofundisha mwanafalsafa V. Y. Mudimbe. Kisangani ilipata chuo chake tena mwaka 1981, na vitivo vingine vikaongezwa baadaye, lakini kwa miaka kumi msitu na falsafa vilikuwa vimetenganishwa, na mimi naona jeraha hilo bado halijapona.

Dawa ipo. Nchini Kenya, kuanzia miaka ya 1970, Henry Odera Oruka aliwaendea wazee wasiosoma shule, akawauliza na kuwabishia, kisha akaandika jina la kila mmoja kando ya hoja yake. Walimu wa falsafa wa Kisangani, nendeni Masako pamoja na wanabiolojia. Kaeni na wazee Wakumu wa eneo hilo, waulizeni msitu ni nini, na mwandike nani alijibu nini.