Miaka Ndani ya Sanduku la Mwerezi

Aprili 1996, jijini New York, sanduku moja la mbao liliuzwa mnadani kwa dola 574,500. Lilikuwa mali ya John F. Kennedy, zawadi aliyopewa na mchekeshaji Milton Berle siku ya kuapishwa kwake, Januari 1961. Kazi ya sanduku lile ilikuwa moja: kutunza siga zisikauke. Aliyelinunua alikuwa Marvin Shanken, mwenye jarida la wapenzi wa siga. Hakuwa ananunua tumbaku. Alikuwa ananunua mahali pa kuiwekea.

Siga ni ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Mimi siivuti, wala sina nia ya kumshawishi mtu aivute, maana saratani haichagui kati ya siga na sigara ya kawaida. Kilichonivuta ni sanduku. Nilitaka kujua ilikuwaje jani la shambani likapewa chumba chake, joto lake na unyevu wake, na ni nani aliyekuwa na nafasi ya kulisubiri.

Habari inaanzia Kuba. Mwaka 1492 mabaharia wa Columbus waliwakuta Wataino kisiwani humo wakivuta majani yaliyosokotwa. Wahispania walilichukua jani, nalo likasambaa duniani kwa meli, hata sisi tukapata neno letu tumbaku. Mashamba yaliyosifiwa zaidi yalikuja kuwa yale ya Vuelta Abajo, magharibi mwa kisiwa, kwenye udongo mwekundu wa San Luis na San Juan y Martínez. Huko jani hutundikwa kwenye nyumba ndefu za kukaushia kwa wiki kadhaa. Kisha hurundikwa, likajipasha joto lenyewe na kutoa harufu kali ya amonia. Baadaye hufungwa mitumba kwa magamba ya mnazi wa kifalme, likakaa ghalani miezi mingi, na majani mazito zaidi hukaa miaka. Ndipo msokotaji hulipata mezani kwake.

Baada ya kusokotwa, siga huwekwa kwenye boksi la mwerezi. Huu mwerezi si ule wa Lebanoni unaotajwa kwenye Biblia. Ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya joto ulio wa familia moja na mkangazi wetu. Mbao yake ni nyepesi na ina harufu nzuri, tena hufyonza unyevu hewa inapolowa na kuutoa hewa inapokauka. Ndani ya boksi hilo jani huendelea kubadilika polepole. Amonia iliyobaki hutoka, mafuta hutulia, ukali hupungua. Huko ndiko kuzeeka kwa siga. Havana yenyewe, yenye hewa nzito ya bahari, haikuhitaji kabati la ajabu. Shida ilianza siga ilipovuka bahari na kufika kwenye nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, ambako hewa hukauka na jani likapasuka. Sanduku la kutunzia siga ni kipande cha hewa ya Havana kilichohamishiwa ugenini.

Lakini kusubiri kuna gharama, na swali la nani anailipa lilianza mapema. Mwaka 1717 mfalme wa Uhispania aliifanya tumbaku ya Kuba kuwa mali ya biashara yake peke yake: mkulima amuuzie yeye, kwa bei yake. Wakulima waliinuka mwaka huohuo, wakainuka tena 1720, na tena 1723. Safari ya tatu baadhi yao waliuawa na miili yao ikatundikwa njiani karibu na Havana ili wengine waone. Utaratibu ule ulifutwa mwaka 1817, karne nzima baadaye. Jani linaloharibika halimpi mwenye nalo nguvu ya kubishana. Mnunuzi mwenye ghala kavu anaweza kungoja mwezi mwingine. Mkulima mwenye jani mkononi na deni nyumbani hawezi.

Katika karne ya 19 viwanda vya Havana viliongezeka. Kuanzia 1865 wasokotaji wa huko walijiwekea msomaji, mtu wa kuwasomea magazeti na riwaya wakiwa kazini, naye wakimlipa kwa michango yao wenyewe. Chapa ya Montecristo, ya mwaka 1935, imepata jina lake kwenye riwaya ya Alexandre Dumas. Wasokotaji hao kwa desturi walivuta siga papo hapo kwenye benchi, mbichi, zilizotoka mikononi mwao. Zilizozeeka zilikuwa za watu wengine. Huko Geneva, familia ya Davidoff iliyohama kutoka Kyiv ilifungua duka la tumbaku. Mtoto wao Zino alisafiri Amerika ya Kusini na Kuba kujifunza kazi hiyo, na aliporudi akatengeneza chini ya duka chumba chenye joto na unyevu uliopimwa. Kilichouzwa pale kilikuwa jani pamoja na miaka.

Kisha ukaja mwaka 1960. Serikali ya mapinduzi ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya siga mwezi Septemba, na wenye viwanda wengi wakahama. Biashara yao ikaota upya Visiwa vya Kanari, Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua. Februari 1962 Kennedy alitangaza marufuku ya biashara na Kuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia miaka 30 baadaye kwamba kabla ya kutia saini rais alimwagiza amtafutie siga 1,000 za Kuba kufikia kesho yake asubuhi. Alipata 1,200. Kennedy alifurahi, akatoa waraka mezani, akaweka saini.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi naona kinaeleza kazi halisi ya sanduku la siga. Tangu siku ile, siga ya Kuba iliyokwisha kuingia Marekani ilikuwa halali na iliyochelewa ilikuwa haramu, ingawa zimetoka shamba moja na mikono ileile. Waliokuwa na akiba kwenye mwerezi walijikuta wameshika kitu ambacho hakingetengenezwa tena kwa ajili ya soko lao, na kila mwaka uliopita uliongeza thamani yake.

Rafiki yangu aliyesomea Havana aliniletea siga tano. Nikaamua kuzitunza, kwa udadisi wa historia tu, chumbani kwangu Dar es Salaam. Anayeanza hahitaji sanduku la mwerezi la bei. Kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira unaobana linatosha, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu na kipimo kidogo cha unyevu wa hewa. Unyevu unaotafutwa ni asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Ukizidisha unyevu, ukungu huota. Ukipunguza, jani hukauka na harufu yake hupotea. Kipimo chenyewe hukaguliwa kwa chumvi ya jikoni: lowesha chumvi kidogo iwe kama uji mzito, iweke kwenye kifuniko cha chupa ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipimo, kisha subiri hadi kesho yake. Kikisoma 75 kiko sawa, kwa sababu hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia hapo. Mwenye sanduku la mbao alifute kwanza ndani kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, na alipe siku kadhaa, la sivyo mbao kavu itainyonya siga badala ya kuilinda.

Kwetu pwani hofu ni joto. Joto likikaa juu ya nyuzi 24, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya jani yanaweza kuanguliwa, na mdudu mdogo wa kahawia akatoboa siga kama fukusi anavyotoboa mahindi. Kinga ni kuzifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, kuziweka kwenye friza siku tatu, kuzihamishia kwenye friji ya kawaida siku moja, kisha kuzirudisha koponi. Baada ya hapo ni kuziacha kwenye kona yenye ubaridi, kufungua mara moja kwa wiki chache hewa ibadilike, na kungoja.

Nilipofika kwenye kungoja ndipo nilipokumbuka ujombani. Ukoo wa mama yangu unalima tumbaku Urambo, mkoani Tabora, ambako zao hilo lilishika mizizi baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanguka miaka ya mwanzo ya 1950. Wao hulima tumbaku ya mvuke, ya sigara za kawaida, inayokaushwa kwenye mabani ya kuni. Kuhusu unyevu hawahitaji kipimo. Alfajiri wanaligusa jani. Likiwa limelainika kwa umande linashikika, jua likipanda linavunjika mkononi kama karatasi kuukuu. Wanajua pia kwamba mtumba uliokaa stoo unapoteza uzito au unaota ukungu, na kwamba mteuzi sokoni ataushusha daraja. Kwao kila wiki ya kusubiri inakula bei. Jani lilelile kwenye sanduku la Geneva linapanda bei kwa kila mwaka wa kusubiri. Kuna mwenye uwezo wa kuufungia unyevu, na kuna anayeutegemea umande.

Mwaka jana mjomba alikuja Dar kutibiwa macho. Nilimfungulia kopo, siga zikiwa na miaka miwili. Alichukua moja, akaisogeza puani, akaibonyeza taratibu kwa kidole gumba kama anavyofanya bani. Akasema jani limekaushwa kwa hewa, si kwa moto, na aliyelikausha anaijua kazi.

"Aliyelima hili alilipwa lini?"

Nikamweleza kwamba Kuba mkulima huuzia serikali sehemu kubwa ya mavuno yake, na hulipwa anapokabidhi, kabla jani halijasokotwa wala kuanza kuzeeka kwenye boksi.

"Kwa hiyo hii miaka miwili ni yako."

"Ni yangu, mjomba."

Akairudisha siga mahali pake, akaipanga vizuri pembeni ya wenzake. "Basi funika," akasema, "isije ikakauka."