Kadi ya Posta kama Matini: Naivasha na Mpaka wa 1902

Mkusanyaji wa kadi za posta za kale huko Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, akikuta picha ya Naivasha iliyoandikwa "Uganda", asiharakie kumlaumu mchapishaji. Hadi Aprili 1902 Naivasha na Nakuru zilikuwa katika Himaya ya Uganda; ndipo Waingereza walipozihamishia Himaya ya Afrika Mashariki. Aidha, mwaka huohuo posta ya Uingereza iliruhusu ujumbe uandikwe upande wa anwani. Hivyo basi, mgongo wa kadi nao ni ushahidi wa tarehe. Panapomshinda mhakiki ni kwenye picha za watu: mara nyingi kabila limetajwa, jina la mtu halipo, ilhali mtumaji ametia sahihi yake.