Kukaa Mjini: Habari za Baraza, Viti na Vivuli vya Arusha

Katika lugha yetu ya Kiswahili madaraka yamepewa majina ya viti. Mkutano ni kikao. Anayeuongoza ni mwenyekiti. Ofisi kuu ni makao makuu. Mawaziri wakikutana huitwa baraza. Tena kitenzi cha kukaa chabeba maana mbili pamoja, kuketi na kuishi. Amwulizaye mwenzake "Unakaa wapi?" hataki habari za kiti chake, bali za nyumba yake. Kwa hiyo atakaye kuandika historia ya mji hafanyi mzaha akianza na swali hili: katika mji huo, nani aliruhusiwa kukaa, na alikaa juu ya nini? Makala haya yanauliza swali hilo kuhusu mji wa Arusha na nchi iliyo chini ya Mlima Meru.

Neno baraza limetujia kutoka pwani. Pale Lamu, Mombasa na Unguja, baraza ni kwanza kitu cha kujengwa: kiti kirefu cha mawe na chokaa, kilichoshikamana na ukuta wa nyumba upande wa njia, ambapo mwenye nyumba humpokea mgeni bila kumwingiza ndani, na mpita njia hupumzisha miguu yake. Nyumba za wakubwa zilikuwa pia na kiti cha enzi, cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe za ndovu. Lakini kiti kile kilikuwa cha mtu mmoja, na baraza ni la wengi. Taifa lilipotafuta jina la vyombo vyake vya mashauri, lilichukua lile la wengi.

Huku bara, chini ya Meru, mashauri hayakuhitaji chokaa. Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaasai, walikutana penye majani chini ya mti wa kivuli. Mwanazuoni P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, ameeleza jinsi magomvi ya mashamba na mahari yalivyosuluhishwa kwa mazungumzo marefu ya rika na ya ukoo, pasipo hakimu wa kukata hukumu. Watu waliketi chini, aliyesema alisimama. Msemaji wa rika huitwa laigwanani, na jina hilo lina mzizi mmoja na neno lao la mkutano, ambao maana yake ni kushauriana. Hapo pana tofauti inayofaa kutafakariwa na wanafunzi wa lugha: Mswahili amemtaja kiongozi kwa kiti chake, Mwaarusha amemtaja kwa mashauri yake. Sisemi kwamba desturi moja yaipita nyingine. Hata hivyo, laigwanani hakuwa na kiti cha kung'ang'ania.

Mambo yaligeuka mwaka 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, walipouawa huko Akeri. Wajerumani walilipiza kisasi kwa vita vikali, mifugo ikatekwa na migomba ikafyekwa. Mnamo mwaka 1900 ngome ya boma ilikuwa imesimama, ikiwa imejengwa kwa nguvu za wenyeji walioshurutishwa kuchukua mawe. Kuanzia hapo shauri lilikuwa na meza. Ukumbi wa boma uliitwa baraza, na mikutano ya mkuu wa wilaya iliitwa baraza vilevile, lakini neno lilikuwa limepinduliwa: mtawala aliketi kitini kivulini, na raia waliketi chini mbele yake kungoja amri. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 hawakuibadili sana picha hiyo, ila waliongeza makarani na makaratasi.

Mji wenyewe ulipangwa kwa tabaka. Wazungu walikuwa na sehemu zao za miti na bustani, Wahindi walikuwa na mitaa ya maduka, na Waafrika walipewa sehemu zao za wafanyakazi. Mwafrika alitakiwa mjini kwa kazi. Kazi ikiisha alitakiwa aondoke. Sheria iliyotungwa Tanganyika mwaka 1944 iliwapa watawala uwezo wa kuwaondoa mijini watu walioonekana hawatakiwi. Chini ya sheria ya namna hiyo, mtu aliyeketi kando ya barabara saa nne ya asubuhi hakuwa mtu anayepumzika. Alikuwa mtuhumiwa, na jina lake lilikuwa mzururaji.

Maana ya pili ya kukaa ilijaribiwa upande wa mashariki wa mlima. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa kizungu. Walikataa kuhama kwa hiari, na nyumba zao zikachomwa moto. Wameru walikutana, wakachanga fedha, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akafika New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo, Mmeru alikuwa ameketi katika baraza la mataifa kuidai haki ya kukaa kwao, na habari hizo zilienea Tanganyika nzima.

Ndiyo maana nafurahishwa na mahali palipochaguliwa Januari 1967. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 ya mwezi huo, na jumba lililotumika lilikuwa la ustawi wa jamii, pale Kaloleni, katika mitaa ya Waafrika. Humo ndimo lilimozaliwa Azimio la Arusha, na tangu mwaka 1977 jumba hilo ni makumbusho. Baada ya hapo Arusha ikawa mji wa vikao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliweka makao yake hapa hadi ilipovunjika mwaka 1977, na mpya ikaundwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa hapa mwaka 1999. Mapatano ya Rwanda yalitiwa saini mwaka 1993, ya Burundi mwaka 2000. Na Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi mjini humu hadi mwaka 2015. Hata uwanja wa michezo wenye majukwaa ya watazamaji una jina la mtu wa maneno, Sheikh Amri Abeid, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Washairi tusamehewe tukijivunia hilo.

Viti vya kumbi hizo vilikuwa vizuri. Nje ya kumbi, mwananchi ameketi wapi? Lazima tuseme kweli kwamba uhuru haukuifuta mara moja hofu ya mtu aliyeketi. Katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 neno mzururaji lilirudi na nguvu zake zote, na watu wengi walikamatwa mijini kwa kuwa tu walionekana hawana kazi. Lengo lilikuwa uzalishaji. Ila afisa anayempima mtu kwa kumwona ameketi hutumia kipimo cha mkoloni.

Watu wameketi tu. Mji ulipokosa mabenchi, waliketi kwenye ngazi za maduka, kingo za mifereji ya maji ya mvua na mizizi ya miti. Vijana wakapaita mahali pao kijiwe, jina la jiwe dogo, yaani baraza lisilo na mjenzi. Huko bao huchezwa na habari za serikali huchambuliwa, pengine kwa makini kuliko tunavyozichambua sisi maofisini, ambako mwenye shida hungoja kwenye benchi moja refu la ukumbini.

Wanawake huwaoni sana hapo. Mwanamke aliyeshuka mlimani alfajiri na mkungu wa ndizi ameketi sokoni juu ya kigoda au ndoo iliyopinduliwa, na anaketi kwa sababu anauza. Akimaliza kuuza husimama akaenda zake, maana hakuna aliyemwekea mahali pa kuketi bure.

Benchi la mjini halina gharama kubwa, lakini lina masharti. Masika ya Machi hadi Mei huozesha mbao. Saruji isiyo na kivuli huunguza mchana, na mwezi wa Julai asubuhi huwa baridi kama mto Themi. Mafundi wa pwani walijua kulitegemeza baraza ukutani ili mgongo upate pumziko na paa lizuie mvua. Karibu na Mnara wa Saa, katika mitaa ya mijakaranda, vivuli vipo tayari. Muuza kahawa yeye hakungoja. Huja na birika lake la shaba, vikombe vidogo na mabenchi mawili ya mbao, huyapanga yakitazamana, na watu wasiojuana huketi magoti yakikaribia kugusana. Usiku anayapandanisha moja juu ya jingine na kuyafunga kwa mnyororo kwenye mti.