Pampu ya joto: friji iliyogeuzwa na kipimo kilichosahauliwa

Najua nimepotea, lakini test mbili ndani ya wiki moja si mchezo. Leo naandika ndefu kidogo, kwa hiyo kama una haraka weka pembeni, usome jioni ukishakula.

Wiki hii lekchara wetu alitutupia swali. Pampu ya joto, yaani ile mashine ya umeme inayopasha nyumba joto, ambayo watu wa Ulaya wanaifunga kwa wingi siku hizi, ilielezwa kimahesabu mwaka 1852. Sasa kwa nini imechukua zaidi ya karne nzima kuingia kwenye nyumba za watu wa kawaida? Darasani wengi tulijibu haraka haraka: teknolojia ilikuwa bado. Nikaenda kuchimba, na mi naona jibu hilo halitoshi. Vifaa vilikuwepo mapema kuliko tunavyodhani. Vilivyokosekana ni viwili: shida ya kumlazimisha mtu aitafute mashine hii, na mtu wa kukaa nayo na kipimo mkononi siku ya kuiwasha. Hilo la pili ndilo linalonikera, maana linatuhusu hata sisi tunaoishi kwenye joto.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe. Pitisha mkono nyuma ya friji ya hapo chumbani kwako, utakuta pamoto. Joto lile limetoka kwenye maji na mboga ulizoweka ndani, likaongezwa na umeme wa kompresa. Yaani friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Ndani ya mabomba yake kuna gesi inayochemka kirahisi sana. Ikiwa na presha ndogo inachemka hata kwenye baridi, na ili ichemke lazima inyonye joto la pale ilipo. Kompresa inaibana, inakuwa ya moto, inapita kwenye mabomba ya nyuma, inatoa joto lake na kuwa kimiminika. Halafu inapenyezwa kwenye tundu dogo, presha inashuka, inapoa, safari inaanza upya.

Kiyoyozi ni hiyo hiyo, ila chumba kizima ndicho kimekuwa ndani ya friji. Sasa geuza: fanya uwanja wa nje ndio uwe ndani ya friji, na nyumba yako iwe kule nyuma kwenye joto. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Mtu atauliza, joto gani linapatikana nje wakati kuna barafu? Lipo. Sifuri ya kweli iko nyuzi 273 chini ya sifuri yetu ya barafu, kwa hiyo hewa ya Januari kule Sweden bado ina joto la kuvunwa, mradi uwe na kitu cha baridi zaidi cha kulinyonya.

Tuje kwenye historia. Mwaka 1756 daktari mmoja wa Scotland, William Cullen, alichapisha maelezo ya jinsi kimiminika kinavyoleta baridi kikivukizwa kwenye chombo kilichonyonywa hewa. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot akaandika kitabu kuhusu nguvu ya moto, ambamo mna msingi wa hesabu zote zinazotutoa jasho muhula huu. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1832, akiwa na miaka 36 tu. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, akapata hataza ya mashine ya baridi yenye kompresa na mzunguko ule ule wa friji yako. Kisha mwaka 1852 William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, akaonyesha kwamba mashine ya namna hiyo inaweza kupasha jengo joto kwa kutumia kuni au makaa machache kuliko ukiyachoma moja kwa moja jikoni.

Hebu simama hapo kidogo. Ukichoma makaa, hupati zaidi ya joto lililomo kwenye makaa. Ukihamisha joto, unalipia usafiri tu! Kipimo cha faida hiyo ni rahisi: joto lililoingia ndani gawanya kwa umeme ulioutumia. Nje kukiwa nyuzi 0 na maji ya kupasha nyumba yakiwa nyuzi 35, hesabu ya Carnot inasema kikomo ni 308 gawanya kwa 35, kama 8.8. Ukitaka maji ya nyuzi 55 kikomo kinashuka hadi 6 hivi. Mashine halisi inapata nusu ya hapo au pungufu. Shikeni hizo namba, nitazirudia.

Aliyetangulia kuijaribu kwa kazi kubwa alikuwa Peter von Rittinger, mhandisi wa migodi wa Austria, na hakuwa na habari ya nyumba. Alitaka chumvi. Miaka ya 1855 hadi 1857, kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee, alijenga mtambo wa kuibana mvuke unaotoka kwenye maji ya chumvi ili ukishapanda joto urudi kuyachemsha yale yale, asichome kuni nyingi. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Lakini chumvi iliganda kwenye kuta za mtambo, na kazi haikuenda mfululizo. Mwaka 1877 Waswisi wakafanikiwa na wazo hilo hilo kwenye kiwanda cha chumvi cha Bex. Mnaona? Fizikia ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichomshinda Rittinger ni ukoko.

Baada ya hapo kimya. Makaa ya mawe yalikuwa rahisi, nani ahangaike? Mwaka 1930 mhandisi Graeme Haldane wa Scotland alichapisha matokeo ya mashine aliyoifunga nyumbani kwake, iliyovuna joto kutoka hewa ya nje. Wenzake walisoma, wakaendelea kuchoma makaa.

Walioichukua kwa dhati ni Waswisi, na sababu ni shida. Nchi yao haina makaa ya mawe ya maana, ila ina maporomoko ya maji ya kutosha umeme. Mwaka 1938 jumba la halmashauri la Zürich, jengo la karne ya 17 lililo juu ya mto Limmat, lilifungwa pampu ya kampuni ya Escher Wyss iliyovuna joto la mto na kutoa maji ya hadi nyuzi 60. Ikaendelea kufanya kazi mpaka mwaka 2001. Miaka 63! Vita Kuu ya Pili ilipokata makaa kutoka nje, Waswisi wakafunga nyingine nyingi.

Uingereza nako kuna mtu ninayemheshimu kuliko wote kwenye hadithi hii: John Sumner, mhandisi wa umeme wa mji wa Norwich. Mwaka 1945, wakati kila kitu ni adimu, aliunganisha vipuri vya zamani, akavuta joto la mto Wensum na kupasha ofisi za idara yake. Hakuishia kusema "naona kuna joto, tumefaulu". Alipima msimu mzima, akapata wastani wa kama 3.4, yaani kila uniti moja ya umeme ilileta uniti 3.4 za joto.

Linganisha na ukumbi wa Royal Festival Hall, uliofunguliwa London mwaka 1951. Nao ulifungwa pampu, ya kuvuna joto la mto Thames. Mtambo ulikuwa mkubwa kupita mahitaji ya jengo, na miaka michache baadaye ukaondolewa. Na Marekani, pampu za nyumbani zilizouzwa miaka ya 1950 na 1960 zilijipatia jina baya kwa sababu kompresa zilikuwa zikifa ovyo. Kompresa imeumbwa ibane gesi. Kwenye baridi kali kimiminika kiliweza kurudi na kuingia ndani yake, na kimiminika hakibaniki. Kitakachovunjika ni chuma. Ilibidi bei ya mafuta ipande mwaka 1973 ndipo watu wengi waitazame tena mashine hii, na leo Norway, Sweden na Finland ziko mbele kwa kuitumia.

Sasa nije kwenye kile kinachonikera: siku ya kuwasha. Jiko bovu litakuambia lenyewe, halina moto. Pampu ya joto mbovu inaweza kukudanganya miaka. Nyingi zina waya wa umeme wa akiba, kama hita ya maji, wa kusaidia siku za baridi kali. Pampu ikishindwa, waya unashika kazi. Nyumba ina joto, watoto hawalii, fundi kashalipwa kaondoka. Kumbe kila uniti ya umeme inaleta uniti moja tu ya joto badala ya tatu. Mwenye nyumba atalijua hilo bili ikifika, na huenda asijue kabisa.

Ndiyo maana fundi mzuri haondoki baada ya kuwasha. Kabla ya umeme anasafisha chujio la maji, anatoa hewa kwenye mabomba na kuangalia presha ya maji. Kama mashine ina sehemu ya nje na ya ndani zilizounganishwa na mabomba ya gesi, anayajaza naitrojeni yenye presha kutafuta panapovuja. Kisha anayanyonya kwa pampu ya vakyumu, kwa kawaida mpaka kipimo kishuke chini ya mikroni 500 na kikae hapo. Hewa na unyevu vikibaki ndani, maji yataganda kwenye lile tundu dogo au yatageuka asidi na kula kompresa. Kompresa yenye hita yake ndogo inawashiwa umeme saa kadhaa kabla, ili gesi iliyojificha kwenye oili ichemke na kutoka. Hilo ni funzo la zile kompresa za Marekani.

Halafu anaiwasha, anaisubiri itulie, anazima ule waya wa akiba, na anapima. Chukua mfano: maji yanapita lita 0.29 kwa sekunde, yanatoka yakiwa na nyuzi 5 zaidi ya yanavyorudi. Zidisha 0.29 kwa 4.19 kwa 5, unapata kilowati 6 za joto. Kama mita ya umeme inasoma kilowati 1.7, gawanya: kama 3.5. Safi. Ikitoka 2 na nje hakuna baridi kali, kuna kitu. Huenda maji yanapita kidogo, huenda mtu ameseti nyuzi 55 wakati 35 zingetosha (kumbukeni zile 6 na 8.8), huenda gesi imepungua. Anaandika namba zote kwenye karatasi na kumwachia mwenye nyumba, ili mwakani pawe na cha kulinganishia. Hii ni kazi ya Sumner ya mwaka 1945, imefupishwa iwe ya siku moja.

Sasa mtaniuliza, sisi wa pwani pampu ya joto ya nini? Jamani, tunazo. Kila kiyoyozi ukutani ni mashine hiyo hiyo, na siku yake ya kuwashwa ni hiyo hiyo. Muhula uliopita nilimtazama fundi akifunga AC kwenye ofisi moja mtaani. Hakuwa na pampu ya vakyumu. Alilegeza nati, akaiachia gesi isukume hewa itoke, "pshhh", akakaza. Akawasha, ikatoa ubaridi, akasaini karatasi. Wote tulifurahi ubaridi. Hakuna aliyepima kitu.

Ile "pshhh" ina historia yake. Pampu ya Zürich ilitumia gesi ya R12. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo zinaweza kuharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1987 ukaja Mkataba wa Montreal, ambao sekretarieti yake iko Nairobi. Zikaletwa gesi zisizogusa ozoni, lakini nyingi zinapasha dunia joto kwa nguvu ya ajabu: kilo moja ya R410A ni sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi. Makubaliano ya kuzipunguza yalifikiwa hapa hapa kwetu, Kigali, Oktoba 2016, na yakaanza kutumika Januari 2019. Siku hizi pampu nyingi mpya za Ulaya zina R290, ambayo ni propani, ndugu wa gesi ya mtungi wa jikoni. Haina madhara makubwa kwa hali ya hewa, ila inawaka. Kwa gesi hiyo, fundi wa "pshhh" hapotezi tu umeme wa mtu, anaweza kuchoma nyumba.

Kwa hiyo jibu langu kwa lekchara ni hili. Mashine hii haikuchelewa kwa kukosa akili za kina Carnot na Thomson. Shida ya kuni, makaa na mafuta ndiyo iliyoivuta kila mara, na ukoko, ukubwa usiopimwa na kompresa zilizovunjika ndivyo vilivyoirudisha nyuma. Sisi tutakaotoka hapa na vyeti tutasaini karatasi nyingi za "imewashwa, inafanya kazi". Ombi langu kwa wenzangu wa mwaka wa tatu: kabla hujasaini, uliza namba iko wapi.

Nyie mnaonaje? Kuna mtu amewahi kuona fundi wa AC akitumia vakyumu mtaani kwenu? Niambieni. Mi narudi kwenye asaimenti.